Tuzo ya usuluhishi kutoka nje: jinsi ya kuifikisha Mahakama Kuu bila kutupwa nje

Bahasha ni ileile, anayeileta ndiye hubadilika. Ndani mna tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa wasuluhishi ambao wahusika waliwachagua badala ya mahakama, iliyotolewa London, Liverpool, Dubai au Singapore, kurasa 80, saini tatu mwishoni. Mwenye nayo ameshinda, na anadhani kilichobaki ni mdaiwa kuandika hundi. Mdaiwa yuko Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, na huu ni mwezi wa tisa hapokei simu.

Wengi hunifikia ombi lao la utekelezaji likiwa limeshatupwa mara moja. Kinachowaangusha mara chache huwa hoja nzito ya sheria ya kimataifa. Ni karatasi: nakala isiyothibitishwa, jina la kampuni lililokosewa, risiti ya kusafirisha barua isiyosomeka. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, nikichukulia kwamba tuzo inapelekwa Mahakama Kuu ya Tanzania. Pale Kenya inapotofautiana nitasema. Na kama wewe ndiye unayedaiwa, soma tu, karibu.

Jambo moja kabla hatujaanza: wakili aliyekushindia London hawezi kusimama Mahakama Kuu ya Tanzania. Utahitaji wa hapa, na ukimtafuta kabla tuzo haijatoka utaokoa fedha nyingi.

## Vya kuwa navyo mezani

- Tuzo halisi yenye saini za wino, au nakala yake iliyothibitishwa.
- Mkataba wenye kipengele cha usuluhishi, halisi au nakala iliyothibitishwa.
- Tafsiri iliyothibitishwa, kama kimojawapo hakiko katika lugha inayokubaliwa na mahakama.
- Ushahidi kwamba mdaiwa alipewa taarifa ya kila hatua ya shauri.
- Matokeo ya upekuzi wa BRELA (kwa Kenya, Msajili wa Kampuni) yenye jina kamili la mdaiwa na namba yake ya usajili.
- Barua ya wakili wa nchi tuzo ilikotolewa, ikisema kama kuna shauri la kuipinga huko au hakuna.
- Hesabu ya deni: deni la msingi, riba, gharama, kwa tarehe.
- Azimio la bodi la kuruhusu kufungua shauri, na idhini ya maandishi kwa atakayeapa.
- Orodha ya mali za mdaiwa, hata kama ni ya kukisia.

Vitatu vya kwanza vinatoka moja kwa moja kwenye Ibara ya 4 ya Mkataba wa New York wa 1958, mkataba wa kimataifa wa kutambua na kutekeleza tuzo za nje, ambao ndio mlango wenyewe. Vilivyobaki nimevijua kwa kuumia.

## Hatua ya 1: Hakikisha ulichoshika ni tuzo

Swali linaonekana la kitoto, lakini watu huja na hukumu ya mahakama ya nje wakiiita tuzo. Njia ni mbili tofauti kabisa.

Hukumu ya mahakama hupita kwenye sheria za kutekeleza hukumu za kigeni kwa makubaliano ya nchi na nchi: Sura ya 8 kwa Tanzania, Sura ya 43 kwa Kenya. Orodha za nchi zinazotambuliwa ni fupi. Ya Kenya ina Australia, Malawi, Rwanda, Seychelles, Tanzania, Uganda, Uingereza na Zambia. China haimo, India haimo, Falme za Kiarabu hazimo. Kenya bado kuna njia ya kupita hata kwa nchi zisizo kwenye orodha, kwa kuwa mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hukumu ya Italia inaweza kudaiwa kwa kanuni za kawaida za sheria, ila ni mwendo mrefu zaidi.

Baada ya Uingereza kuanza kutumia Mkataba wa Hague wa 2019 kuhusu hukumu, tarehe 1 Julai 2025, nilipigiwa simu nyingi za furaha. Zilikuwa za bure. Mkataba ule haugusi usuluhishi, na Tanzania na Kenya si wanachama.

Tuzo ndiyo inayopita kwenye Mkataba wa New York, wenye nchi zaidi ya 170. Tanzania iliingia 1964, Kenya 1989, Uganda 1992, Rwanda 2008, Burundi na Kongo 2014. Tanzania, Kenya na Uganda ziliweka sharti la kulipana wema: zinatambua tuzo zilizotolewa katika nchi mwanachama tu. Kwa hiyo angalia makao ya usuluhishi, yaani nchi ambayo sheria yake ilisimamia shauri. Mahali ambapo watu walikaa si hoja. Kama msuluhishi alikuwa Nairobi, mashahidi Guangzhou, kikao kikafanyika Zoom, lakini mkataba unasema makao ni London, basi mkononi una tuzo ya London.

Kama mdaiwa ni Serikali na wewe ni mwekezaji uliyekwenda ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, funga mwongozo huu. Hiyo ina mkataba wake.

Umefaulu hapa ukiweza kuandika sentensi moja: "Hii ni tuzo, makao yake ni fulani, na nchi hiyo ni mwanachama wa Mkataba wa New York tangu mwaka fulani." Sentensi hiyo itaingia kwenye ombi lako kama ilivyo.

## Hatua ya 2: Soma kipengele cha usuluhishi kwa jicho la adui

Wakili wa mdaiwa ataanzia hapa, kwa hiyo mtangulie. Jiulize maswali matatu. Ni chombo gani kilitakiwa kusimamia shauri? Makao ni wapi? Na ni sheria ya nchi gani inayotawala kipengele chenyewe, mbali na mkataba mzima?

Swali la kwanza limewaumiza hasa wanaofanya biashara na Dubai. Septemba 2021, Amri Na. 34 ya Dubai ilikifuta kituo cha usuluhishi cha DIFC-LCIA na majukumu yake yakahamia DIAC, kituo kingine cha usuluhishi cha hukohuko Dubai. Mikataba yenye jina la zamani bado imejaa kwenye makabati ya wafanyabiashara wa hapa, na hadi leo kuna wanaonakili kipengele kilekile kutoka mkataba wa 2018 kwenda wa mwaka huu. Ubaya wake ulionekana Louisiana, Marekani. Novemba 2023 mahakama ilikataa kuwapeleka wahusika kwenye usuluhishi, ikisema chombo walichokitaja hakipo tena. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo Januari 2025. Mwisho ukawa mzuri, ila baada ya zaidi ya mwaka wa ada za mawakili. Kama tuzo yako ilitolewa na DIAC kwa kipengele cha DIFC-LCIA, ambatisha Amri yenyewe kwenye kiapo. Usingoje jaji aulize.

Swali la tatu ndilo lililobadilika karibuni. Sheria ya Usuluhishi ya Uingereza ya 2025 imeanza kutumika 1 Agosti 2025, kwa mashauri yaliyoanza siku hiyo na baada yake. Sasa, kama makao ni London na wahusika hawakutamka sheria ya kutawala kipengele cha usuluhishi, sheria hiyo ni ya Uingereza, hata kama mkataba wenu wa pamba umesema unatawaliwa na sheria za Tanzania. Kabla ya hapo, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Uingereza katika Enka dhidi ya Chubb wa 2020, kipengele kilielekea kufuata sheria ya mkataba mkuu.

Unaweza kudhani ni ubishi wa maprofesa. Tazama kesi ya Kabab-Ji, kampuni ya Lebanon, dhidi ya Kout Food ya Kuwait. Makao yalikuwa Paris, mkataba wa sheria ya Uingereza. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa kuitekeleza tuzo: kwa sheria ya Uingereza, Kout hakuwa mshirika wa mkataba. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya Ufaransa ikaithibitisha tuzo ileile, kwa sheria ya Ufaransa. Karatasi moja, majibu mawili. Kwa hiyo kama uliyemshinda si yule aliyetia saini bali ni kampuni mama au kampuni dada, tenga aya nzima ya ombi lako kueleza sheria gani inamfunga na kwa nini.

Onyo: usiambatishe ukurasa wa kipengele peke yake. Ambatisha mkataba wote, pamoja na viambatisho vyake. Ukiweka ukurasa mmoja unamkaribisha mwenzako aseme kwamba kurasa zilizobaki zina siri. Na kama mkataba haujalipiwa ushuru wa stempu, lipa kwanza. Tanzania hati isiyo na stempu inaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi, na hicho ni kifo cha aibu.

## Hatua ya 3: Linganisha jina, herufi kwa herufi

Chukua tuzo mkono mmoja, matokeo ya BRELA mkono wa pili, soma kwa sauti. Nimeona tuzo dhidi ya "fulani Traders Limited" wakati kampuni iliyosajiliwa ni "fulani Traders (T) Limited". Mabano mawili na herufi moja, na wakili wa upande wa pili akasimama kusema kwa uso mkavu kwamba mteja wake hajawahi kushtakiwa popote.

Makosa ya aina hiyo hurekebishwa na wasuluhishi wenyewe, lakini dirisha ni dogo. Sheria ya mfano ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, inatoa siku 30 tangu kupokea tuzo. Sheria ya Uingereza inatoa siku 28 tangu tarehe ya tuzo. Ndiyo maana upekuzi wa BRELA unafanywa siku tuzo inapofika, hata kama huna haraka ya kufungua ombi. Muda ukipita, itabidi uthibitishe kwa kiapo kwamba majina mawili ni mtu mmoja: anwani ileile, wakurugenzi walewale, akaunti ileile iliyotumika kulipa awamu ya kwanza.

Ukiwa hapohapo BRELA, angalia dhamana zilizosajiliwa dhidi ya kampuni. Kama benki imeshika mali zote za mdaiwa kwa rehani, wewe uko nyuma yake kwenye foleni. Ni bora ulijue hilo kabla hujalipa ada.

## Hatua ya 4: Jenga jalada la taarifa

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu vizuri, fanya hii. Ibara ya 5 ya Mkataba inaruhusu mahakama kukataa tuzo kama mdaiwa hakupewa taarifa ya kutosha ya uteuzi wa msuluhishi au ya shauri lenyewe, au hakuweza kujitetea kwa sababu nyingine. Karibu kila mdaiwa aliyekaa kimya wakati wa shauri hutoka na hoja hii: sikuambiwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia tuzo ya msambazaji wa mbolea wa nje dhidi ya kampuni moja ya Dar. Taarifa ya kuteua msuluhishi ilisafirishwa kwa huduma ya vifurushi hadi ghala la mdaiwa, Barabara ya Nyerere. Risiti ilirudi na neno "mlinzi", na pembeni saini kama mende aliyekanyagwa. Wakili wao akainuka: "Mheshimiwa Jaji, mlinzi huyu ni nani? Mteja wangu hana mlinzi. Ana mkataba na kampuni ya ulinzi." Na kweli, hakuwa mwajiriwa wao.

Kilichotuokoa ni kaunta buku. Kampuni ya ulinzi ilikuwa na daftari lake la getini, na kwenye mstari wa tarehe ile mlinzi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "bahasha 1 ya Uingereza, imepelekwa kwa sekretari", na sekretari amesaini mbele yake. Kulipata daftari hilo na kiapo cha msimamizi wa walinzi kulituchukua miezi minne. Laiti aliyetuma bahasha angesisitiza saini na mhuri wa kampuni, tungemaliza kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo tengeneza jedwali lenye mistari sita: taarifa ya kuanzisha usuluhishi, uteuzi wa msuluhishi, ratiba ya shauri, hati ya madai, tarehe ya kikao, tuzo yenyewe. Kwa kila mstari andika ilitumwa lini, kwa njia gani, kwenda anwani ipi, anwani hiyo imetoka wapi, na nani aliipokea. Safu ya nne ndiyo watu husahau. Anwani lazima itoke kwenye kipengele cha taarifa cha mkataba, au iwe ofisi iliyosajiliwa, au iwe barua pepe ambayo mdaiwa mwenyewe aliwahi kuitumia kukuandikia.

Barua pepe zinakubalika, lakini usizichape kama matini matupu. Ziwe na vichwa vyake vyote: mtumaji, mpokeaji, saa, na mfululizo mzima. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka uoneshe kwamba mfumo uliozihifadhi ni wa kuaminika, kwa hiyo aliyezituma aape mwenyewe. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti. Mawakili huapa kwa niaba ya wateja wao kuhusu barua pepe ambazo hawakuziona zikitumwa, halafu hushangaa kiapo kinapokwanguliwa.

Umefaulu kama mtu asiyeijua kesi anaweza kusoma jedwali lako kwa dakika tano akasema: huyu bwana alijua, alinyamaza tu.

## Hatua ya 5: Thibitisha nyaraka, kisha tafsiri

Kuthibitisha tuzo ni kuonesha kwamba saini ni za wasuluhishi kweli. Kuthibitisha nakala ni kuonesha kwamba nakala inafanana na halisi. Ni kazi mbili. Mhuri wa wakili wa Dar kwenye nakala ya kivuli ya tuzo ambayo hajaiona halisi hauthibitishi chochote, ingawa ndio ninaokutana nao mara nyingi.

Njia rahisi ni kuomba nakala iliyothibitishwa na taasisi yenyewe. Kwa tuzo za ICC (chama cha kimataifa cha wafanyabiashara chenye mahakama yake ya usuluhishi, si mahakama ya jinai ya The Hague), Katibu Mkuu wa mahakama yao hutoa nakala hizo kwa wahusika. Kwa usuluhishi usio na taasisi, nenda kwa mthibitishaji wa nyaraka wa nchi ya makao, kisha ubalozi. Apostili, kibandiko cha kimataifa cha kuthibitisha hati, imeenea, China ilianza kuitumia Novemba 2023 na Rwanda 2024, ila hufanya kazi pale tu nchi inakotoka hati na inakokwenda zote zimo. Kibandiko hicho kisikutoshe. Ongeza mhuri wa ubalozi.

Kuna tatizo jipya la tuzo za PDF. Kanuni za 2020 za LCIA, kituo cha usuluhishi cha London, zinaruhusu tuzo itiwe saini kielektroniki. Ni vyema kwa wasuluhishi walio mabara matatu, ni balaa kwa karani wa masjala anayeuliza "halisi iko wapi?" Omba mapema, kabla tuzo haijatolewa, nakala moja ya wino. Kamwe sijaona msuluhishi akikataa.

Kuhusu lugha: tangu marekebisho ya 2021, lugha ya mahakama za Tanzania ni Kiswahili, na Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapohitaji, kwa masharti. Tuzo ya Kiingereza kwa kawaida hupita. Ya Kichina, Kifaransa au Kiarabu itafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, au ithibitishwe na afisa wa ubalozi. Kenya sheria inataka tafsiri ya Kiingereza. Mtafsiri asiishie kwenye maamuzi ya mwisho. Atafsiri yote, na kipengele cha usuluhishi pia.

## Hatua ya 6: Hesabu siku

Kenya, Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 kudai kwa tuzo. Uingereza ni 6 vilevile, India 3, China 2.

Tanzania, Jedwali la Sheria ya Ukomo linataja miezi 6 kwa maombi ya kuwasilisha tuzo mahakamani. Mawakili wanaweza kubishana siku nzima kama mstari huo, ulioandikwa kwa kuitazama Sheria ya Mwenendo wa Madai, unaibana tuzo ya nje inayoletwa chini ya sheria mpya. Wewe usiwe mfano wa kufundishia ubishi huo. Fungua ndani ya miezi 6 tangu tarehe ya tuzo, na ukianza kuona dalili za mdaiwa za "tukae tuzungumze", zungumza huku ombi likiwa limeshafunguliwa. Mazungumzo hayasimamishi saa.

## Hatua ya 7: Fungua ombi

Sheria inayotumika ni Sheria ya Usuluhishi Na. 2 ya 2020, iliyoanza kufanya kazi 18 Januari 2021 na kuifuta ile ya 1931. Unakwenda Mahakama Kuu, na kwa migogoro ya kibiashara Divisheni ya Biashara ndiyo yenye uzoefu. Ombi ni petisheni, likiambatana na nyaraka zote za mezani. Kenya ni Sheria ya Usuluhishi ya 1995, kifungu cha 36, na mashauri mengi hufunguliwa Milimani, Nairobi.

Ombi liwe fupi. Nimeona la kurasa 60 likisimulia ugomvi wa biashara tangu mwanzo. Jaji haombwi kuamua tena nani alichelewesha meli. Eleza kuna mkataba, kuna tuzo, mdaiwa alijua, hajalipa, muda haujapita, tunaomba tuzo itambuliwe na itekelezwe kama hukumu ya mahakama hii. Kurasa nane zinatosha.

Usisahau kuomba riba hadi siku ya malipo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye tuzo. Kama tuzo haikutaja riba ya baada ya tuzo, usiibuni.

## Hatua ya 8: Jiandae kwa mapingamizi

Sababu za kukataa tuzo ni saba, zote ziko kwenye Ibara ya 5. Tano lazima mdaiwa azithibitishe mwenyewe: kipengele batili au mtu asiye na uwezo kisheria, kukosa taarifa, wasuluhishi kuvuka mipaka, baraza au utaratibu kuundwa kinyume na makubaliano, na tuzo kuwa haijawa ya kufunga au imetenguliwa makaoni. Mbili mahakama inaweza kuziona yenyewe: jambo lisilosuluhishika kwa sheria za nchi, na tuzo iliyo kinyume na sera ya umma.

Kosa la mdaiwa kuhesabiwa vibaya deni halimo kwenye saba. Wala msuluhishi kuielewa vibaya sheria. Mdaiwa akianza kurudia kesi, mrudishe jaji kwenye orodha.

Sera ya umma ndiyo kichaka wanachojificha wengi. Kenya, tangu kesi ya Christ for All Nations ya 2002, maana yake ilibanwa: tuzo iwe kinyume na Katiba au sheria nyingine, iwe na madhara kwa maslahi ya taifa, au ipingane na haki na maadili. Tanzania kuwa macho na maliasili. Sheria ya 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya utajiri na maliasili zake inataka migogoro yake iamuliwe na vyombo vya ndani, kwa hiyo tuzo ya nje inayogusa madini au gesi itakutana na ukuta huo.

Rushwa ni habari nyingine. Nigeria ilikuwa inadaiwa dola bilioni 6.6 kwa tuzo ya kampuni ya P&ID, na kwa riba deni likapita bilioni 11. Oktoba 2023 mahakama ya London ilikuta rushwa na ushahidi wa uongo, kisha ikaitengua. Kama upande wako una malipo ya "ushauri" yasiyoelezeka, mwambie wakili wako leo. Atakayeyagundua kesho ni wa upande wa pili.

Mdaiwa akisema ameshafungua shauri la kutengua tuzo huko makaoni, mahakama inaweza kusubiri. Hapo usipinge kusubiri tu. Omba, kwa Ibara ya 6, aweke dhamana. Wengi wanaocheza na muda huishiwa na hamu wakiambiwa waweke fedha.

## Hatua ya 9: Kukaza

Tuzo ikishatambuliwa inakuwa kama hukumu ya hapa, na kukaza, yaani kukamata mali za mdaiwa ili ulipwe, kunafuata Sheria ya Mwenendo wa Madai: akaunti za benki, fedha ambazo mdaiwa anawadai watu wengine, magari, hisa, viwanja. Dikrii, yaani amri inayotokana na hukumu, inaweza kukazwa Tanzania ndani ya miaka 12, lakini mali hazina subira hiyo.

Anza na fedha zilizo mikononi mwa watu wa tatu. Kiwanja huchukua miaka, gari limeshahamishwa jina, ila mnunuzi mkubwa wa mdaiwa anayemlipa kila mwezi anajulikana na ana ofisi. Risiti za awamu alizowahi kukulipa zina jina la benki na namba ya akaunti. Watu hukaa nazo kwenye faili bila kuzitazama.

Kama mdaiwa ni mtu binafsi, nyumba anayoishi na familia yake haikamatwi. Kama ni Serikali au taasisi yake, mali zake ndani ya nchi hazikamatwi kabisa, unabaki na hati ya kumtaka mlipaji alipe. Ndiyo maana wadai wa Serikali huwinda nje: ndege ya Air Tanzania ilizuiwa Johannesburg Agosti 2019, ikaachiwa na mahakama tarehe 4 Septemba, na mwaka 2022 nyingine ikazuiwa Uholanzi kwa tuzo ya kampuni ya Sweden iliyokuwa na mradi wa miwa Bagamoyo.

Mdaiwa akilipa nje ya mahakama, kama wafanyavyo wengi siku dalali anapobandika tangazo getini, mlipwaji anatakiwa kuiarifu mahakama ili malipo yaandikwe kwenye jalada. Yasipoandikwa, mahakama inayokaza haiyatambui. Mdaiwa, hilo ni lako: usiondoke na risiti ya mkononi tu. Na mdai, saini taarifa ya malipo baada ya fedha kuonekana kwenye akaunti, si baada ya kutumiwa picha ya muamala kwa WhatsApp.